“Imepimwa kwa panya”: Jinsi taratibu za maabara zinavyobadili majibu ya vipimo vya sumu ya vinasaba

Metronidazoli, ambayo wagonjwa wengi huifahamu kwa jina la Flagyl, ni miongoni mwa dawa zinazotolewa sana katika zahanati na vituo vya afya. Hutibu amiba, jiadia, trikomonasi na maambukizi ya bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Mgonjwa anayepewa boksi zima hukuta ndani yake karatasi ya maelezo, na akiisoma kwa makini, au akimwomba mwanawe amtafutie habari za dawa hiyo kwenye simu, anaweza kukutana na taarifa mbili za kutisha. Ya kwanza inasema kwamba dawa hii imesababisha saratani kwa panya waliopewa kwa muda mrefu. Ya pili, iliyomo katika maelezo rasmi ya dawa nchini Marekani, inasema kwamba panya waliodungwa dawa hiyo ndani ya uwazi wa fumbatio walionekana kuwa na viini vidogo vingi zaidi katika seli zao, na kwamba viini hivyo viliongezeka kadiri dozi ilivyoongezwa.

Wapo wanaoacha vidonge hapo hapo. Wengine hurudi kwa mfamasia na kuuliza: “Hii si ndiyo ile dawa ya saratani?” Mfamasia mwenye haraka hujibu kwamba panya si watu, na mazungumzo huishia hapo. Jibu hilo si la uongo, ila linaruka jambo lenye uzito zaidi. Katika taarifa ile ya pili yamo maneno yanayosomwa na wachache: “waliodungwa ndani ya uwazi wa fumbatio”. Maneno hayo yanaeleza uamuzi uliofanywa maabara kabla ya panya wa kwanza kuguswa, na maamuzi ya namna hiyo ndiyo yanayoweza kugeuza dawa ile ile kuonekana yenye hatari au salama.

Kiini kidogo ni nini

Sumu ya vinasaba ni uwezo wa kitu, kiwe dawa, kemikali au mionzi, kudhuru vinasaba ndani ya seli au kuvuruga ugawanyaji wake seli inapojigawa. Si kila sumu ya namna hiyo huleta saratani, na si kila saratani hutokana nayo. Hata hivyo uhusiano baina ya mambo haya mawili ni wa karibu kiasi kwamba hakuna dawa mpya ya vidonge inayoruhusiwa kuuzwa bila kupitia vipimo vya aina hii.

Kipimo kinachotumika zaidi kwa mnyama hai ni kile cha kuhesabu viini vidogo. Kilianza kutumika katika miaka ya 1970, na wazo lake ni jepesi kulifuata. Chembe nyekundu za damu huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa kutokana na seli mama zenye kiini. Seli mama inapogawanyika, kromosomu hupangwa katikati na kuvutwa upande huu na upande ule. Kromosomu iliyokatika, au iliyokosa kushikwa na nyuzi zinazovuta, hubaki nyuma na kujifungia peke yake katika kifuko kidogo kando ya kiini kikuu. Hicho ndicho kiini kidogo. Baadaye chembe nyekundu inayokomaa hukitema nje kiini chake kikuu, lakini mara nyingi kile kidogo husahaulika ndani. Kwa hiyo anayetazama kwa hadubini huona chembe isiyo na kiini, na ndani yake nukta moja ya mviringo iliyoiva rangi. Nukta hiyo ni ushahidi kwamba saa chache zilizopita kromosomu ilipotea njia.

Watumishi wa maabara za hospitali wanaifahamu nukta hiyo kwa jina jingine. Katika damu ya mgonjwa wa siko seli ambaye bandama yake imesinyaa, au ya mtu aliyeondolewa bandama baada ya ajali, huonekana miili ya Howell-Jolly. Ni kitu kile kile. Kwa mtu mwenye bandama nzima, kiungo hicho huzikamata chembe zenye nukta na kuzisafisha, ndiyo maana hazionekani. Jambo hili litarudi hapa chini, kwa kuwa ndilo linaloamua ni mnyama gani atumike na damu ichukuliwe wapi.

Saa ya kuchukua sampuli

Chembe nyekundu changa huwa bado na mabaki ya asidi ya RNA, na hutambulikana kwa rangi yake ya samawati-kijivu zikipakwa rangi ya Giemsa. Zilizokomaa huwa na rangi ya waridi. Kipimo huhesabu viini vidogo ndani ya zile changa tu, maana hizo ndizo zilizokuwa zikigawanyika wakati dawa ilipokuwa mwilini. Kuzihesabu zilizokomaa ni kuuliza habari za juzi kwa mtu aliyekuwa safarini.

Muda kwa hiyo ni kila kitu. Dawa ikitolewa leo saa mbili asubuhi na uboho ukachukuliwa saa nane mchana, hakutaonekana chochote hata kama dawa ni sumu kali, kwa sababu seli zilizodhurika bado hazijamaliza kugawanyika na kutema kiini. Uboho ukichukuliwa siku nne baadaye, chembe zilizodhurika zitakuwa zimekwisha kukomaa na kuondoka. Mwongozo namba 474 wa OECD, unaofuatwa na mamlaka nyingi za dawa duniani, unaelekeza kwamba baada ya dozi moja uboho uchukuliwe angalau mara mbili, kati ya saa 24 na saa 48. Ikiwa ni damu ya mshipani, muda ni kati ya saa 36 na saa 72, kwa sababu chembe huchelewa kutoka katika uboho. Kuna dawa zinazochelewesha ugawanyikaji wa seli zenyewe. Kwa dawa hizo mtafiti aliyechagua saa 24 peke yake ataandika “hasi” pale ambapo saa 48 ingemwambia “chanya”.

Hapa ndipo bandama inapoingia. Katika makala haya “panya mdogo” ni yule mweupe wa maabara mwenye uzito wa gramu ishirini hivi hadi arobaini, na “panya mkubwa” ni jamaa yake anayefikia gramu mia kadhaa. Bandama ya panya mdogo haizichuji kwa nguvu chembe zenye viini vidogo, kwa hiyo hubaki zikizunguka katika damu kwa wiki kadhaa. Bandama ya panya mkubwa huzichuja, kama ya binadamu. Maabara inayompima panya mkubwa kwa damu ya mshipani, kwa utaratibu ule ule uliotungwa kwa panya mdogo, inaweza kukosa madhara yaliyokuwapo, isipokuwa ihesabu zile chembe changa kabisa ambazo bandama bado haijazifikia. Wachambuzi wengi wa ripoti huangalia dozi kwanza. Aghalabu ingefaa kuanza na mnyama, saa na mahali sampuli ilipotoka.

Rangi, jicho na hesabu

Yeyote aliyesoma slaidi za malaria anajua usumbufu wa rangi ya Giemsa. Maji yasipokuwa na asidi ya kiasi kinachotakiwa, au rangi isipochujwa, punje za rangi hutua juu ya chembe na kufanana na vimelea. Katika kipimo cha viini vidogo punje hizo hizo hufanana na kromosomu iliyopotea. Kwa panya mkubwa tatizo huzidi, kwani uboho wake una seli zenye chembechembe zinazonyonya rangi hii. Seli hizo zikipasuka wakati wa kutandaza slaidi, chembechembe zake humwagika juu ya chembe nyekundu na kuhesabiwa kimakosa. Kwa sababu hiyo maabara nyingi zimehamia kwenye rangi ya akridini, inayotazamwa kwa hadubini ya mwanga maalumu: RNA hung’aa nyekundu na vinasaba hung’aa njano-kijani, hivyo uchafu hujitenga wenyewe. Nyingine hutumia mashine inayozipitisha chembe moja moja mbele ya mwanga wa leza na kuzihesabu kwa maelfu.

Hesabu yenyewe ina historia inayoeleza mengi. Toleo la mwongozo la mwaka 1983 lilidai chembe changa 1,000 zihesabiwe kwa kila mnyama. Mwaka 1997 zikawa 2,000, na mwaka 2014 zikawa 4,000. Ongezeko hili halikutokana na ukaidi wa wanaoandika miongozo. Panya mdogo asiyepewa dawa yoyote huwa na viini vidogo viwili hivi katika kila chembe 1,000. Ukihesabu chembe 1,000 tu, bahati nasibu peke yake yaweza kukupa sifuri kwa takriban panya mmoja kati ya saba, na kwa mwingine ikakupa vinne au vitano. Dawa inayozidisha viini hivyo mara moja na nusu itazama ndani ya kelele hiyo. Ukihesabu 4,000, matarajio ni vinane, na uwezekano wa kupata sifuri kwa bahati hushuka chini ya moja kati ya elfu. Ripoti ya zamani inayosema dawa fulani “haikuonyesha madhara” huenda ilimaanisha tu kwamba msomaji alichoka mapema.

Slaidi pia zinapaswa kupewa namba za siri kabla hazijasomwa. Msomaji anayejua kwamba slaidi iliyo mbele yake ni ya dozi ya juu ataikubali nukta yenye mashaka. Akijua ni ya kundi la ulinganisho ataikataa. Hakuna unyofu wa moyo unaozuia jambo hilo.

Panya aliyepoa

Kisa cha klopromazini kinastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa kuwa wahudumu wa wodi za afya ya akili wanaitumia dawa hii. Miongoni mwa athari zake ni kushusha joto la mwili. Kwa mtu mzima aliyejifunika blanketi, tofauti huwa ndogo. Panya mdogo, mwenye ngozi pana ikilinganishwa na uzito wake, hupoteza joto upesi, na akipewa dozi kubwa mwili wake hupoa kwa nyuzi kadhaa na kukaa hivyo kwa saa nyingi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kupoa huko kwa muda mrefu kunaongeza viini vidogo katika uboho. Zile nyuzi zinazovuta kromosomu wakati wa kugawanyika ni dhaifu mbele ya baridi. Zikilegea, kromosomu huachwa njiani. Dawa yenyewe haijagusa vinasaba. Baridi ndiyo iliyofanya kazi.

Joto kupita kiasi nalo hufanya vivyo hivyo. Aidha, upungufu wa damu: panya anayetolewa damu mara kwa mara, au aliyepewa homoni ya kuchochea utengenezaji wa chembe nyekundu, hulazimika kuzalisha chembe kwa haraka, na kazi ya haraka huleta makosa. Maabara inayotoa damu kila saa chache ili ipime kiwango cha dawa, kisha ikachukua uboho wa panya wale wale, inaweza kuyazalisha madhara kwa mikono yake yenyewe na kuyaandika kwa jina la dawa. Ndiyo sababu huwekwa kundi la pembeni la panya kwa ajili ya damu. Ni gharama ya ziada, na katika bajeti finyu ndiyo hukatwa kwanza.

Anayesoma ripoti kwa hiyo ana haki ya kuuliza kama joto la panya lilipimwa. Swali hilo linaonekana dogo, ila majibu “chanya” ya dawa kadhaa zinazofanya kazi katika ubongo yamekuja kueleweka kwa njia hiyo.

Dawa iliingilia mlango gani

Turudi kwa metronidazoli na ile sindano ya fumbatio. Kumdunga panya ndani ya uwazi wa fumbatio ni njia rahisi: haihitaji mrija wa kupitisha kooni, na fundi stadi humaliza panya kumi kwa dakika chache. Dawa hufyonzwa mara moja kwa wingi, na kiwango katika damu hupanda kwa mshindo usiofanana na ule wa kidonge kilichomezwa pamoja na ugali. Hakuna mgonjwa anayepewa metronidazoli kwa njia hiyo. Toleo la mwongozo la mwaka 2014 linasema wazi kwamba sindano ya fumbatio kwa kawaida haipendekezwi, kwa kuwa si njia ambayo binadamu hukutana nayo na dawa, na itumike tu kwa sababu maalumu ya kisayansi.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba sindano siku zote hutia chumvi. Benzini, kemikali iliyomo katika petroli na inayojulikana kusababisha saratani ya damu kwa binadamu, hutoa mfano wa kinyume. Panya wadogo walionyweshwa benzini walikuwa na viini vidogo vingi zaidi kuliko waliodungwa dozi ile ile katika fumbatio. Benzini yenyewe haiwi sumu kwa uboho mpaka igeuzwe mwilini, hasa ndani ya ini, na namna inavyofika huko hubadili kiasi kinachogeuzwa. Zaidi ya hayo, madume huathirika waziwazi kuliko majike. Mtafiti ambaye angechagua majike na sindano, pengine kwa sababu ndio waliokuwapo kwenye banda siku hiyo, angeandika kwamba benzini ni sumu hafifu.

Dozi nayo inahitaji kutafsiriwa kwa uangalifu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na mwongozo kwa jaribio fupi ni miligramu 2,000 kwa kila kilo ya uzito wa panya. Kwa mtu wa kilo 60, hesabu ya moja kwa moja ni gramu 120, sawa na vidonge 300 vya metronidazoli vya miligramu 400. Hesabu hiyo hupendwa na wanaotaka kupuuza vipimo vya panya, lakini si ya haki. Panya mdogo huchoma na kutoa dawa kwa kasi kuliko mtu, na wataalamu wa dawa hugawanya dozi yake kwa takriban 12 kabla ya kuilinganisha na ya binadamu. Kwa hesabu hiyo tunabaki na gramu 10 hivi, yaani vidonge 25 hivi. Ni vingi, ila si mbali sana na anachomeza mgonjwa katika matibabu ya wiki nzima.

Kiungo kisichotazamwa

Makosa yaliyosimuliwa mpaka hapa yalielekea zaidi upande wa kutisha bila sababu. Upande wa pili ni wa hatari zaidi kwa mgonjwa, nao ni majibu “hasi” yanayotolewa na kipimo kilichoangalia mahali pasipohusika.

Mwezi Julai mwaka 2018 vidonge vya valsatani, dawa ya shinikizo la damu, viliondolewa sokoni katika nchi nyingi baada ya kugunduliwa kuwa na uchafu wa kemikali iitwayo NDMA. Mwaka uliofuata uchafu huo huo ulionekana katika ranitidini, dawa ya vidonda vya tumbo, na Aprili 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaagiza iondolewe kabisa. NDMA ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya ini kwa wanyama vinavyojulikana zaidi. Hata hivyo, ikipimwa kwa viini vidogo katika uboho wa panya, mara nyingi hutoa majibu hasi au hafifu. Ini ndilo linaloigeuza kuwa sumu, na zao hilo lina uhai mfupi mno: hushambulia vinasaba vya ini pale pale lilipozaliwa na kuisha kabla ya kufika katika mifupa. Uboho hausemi uongo. Umeulizwa habari za nyumba ya jirani.

Kwa kemikali za namna hii hutumika vipimo vinavyoangalia ini lenyewe, kimojawapo kikiwa kile kinachoitwa kometi. Seli huwekwa katika utomvu mwembamba na kupitishiwa umeme. Vinasaba vilivyokatika hutoka nje ya kiini na kutengeneza mkia kama wa nyota-mkia. Mwongozo wake, namba 489, ulipitishwa mwaka 2014. Nacho kina masharti yake: sampuli huchukuliwa saa mbili hadi sita baada ya dozi ya mwisho, kwa kuwa seli hurekebisha mikato mingi haraka, na ini linalosubiri mezani bila barafu huanza kujikata lenyewe.

Kuna swali moja zaidi ambalo ripoti ya “hasi” lazima ilijibu: je, dawa ilifika kwenye uboho? Njia mojawapo ya kujua ni kuangalia kama uwiano wa chembe changa umepungua, dalili kwamba uboho uliguswa. Nyingine ni kupima dawa katika damu. Majibu hasi ya dawa ambayo haikuthibitishwa kufika hayana thamani kubwa kuliko kipimo cha malaria cha mtu ambaye hakutolewa damu.

Dawa iliyokaribia kupotea

Thamani ya kusoma vipimo hivi kwa pamoja inaonekana katika historia ya feksinidazoli. Kampuni ya Hoechst ya Ujerumani iliitengeneza na kuichunguza katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, kisha ikaiacha kabatini. Mwaka 2005 shirika lisilo la faida la DNDi, lililokuwa likipekua mamia ya kemikali za familia hiyo kutafuta tiba ya malale, liliikuta tena.

Kizuizi kilikuwa dhahiri. Feksinidazoli, kama metronidazoli, ni ya familia ya kemikali zenye kundi la nitro, na zilipopimwa kwa bakteria, kwa njia iliyoasisiwa na Bruce Ames wa California, majibu yalikuwa chanya. Katika makampuni mengi jibu hilo hutosha kuifunga faili. Watafiti waliendelea kuuliza: je, ni dawa inayodhuru vinasaba, au ni bakteria wanaoigeuza kuwa sumu? Walitumia aina za bakteria zilizokosa vimeng’enya vya kuvunja kundi la nitro, na madhara yakapungua sana au kutoweka. Kisha wakapima chembe nyeupe za binadamu, uboho wa panya wadogo na ini la panya wakubwa. Kote huko majibu yalikuwa hasi. Seli za wanyama hazina vimeng’enya vya aina ile vinavyofanya kazi hiyo mbele ya oksijeni.

Majaribio kwa wagonjwa yalianza mwaka 2012 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 2018 wakala wa dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kuikubali kwa malale ya Afrika ya Magharibi na Kati. Kwa malale ya upande wetu, ile ya haraka inayoonekana Malawi, Uganda, Zambia na Tanzania, majaribio yalifanyika Malawi na Uganda, na kibali kikafuata Desemba 2023. Kabla ya hapo mgonjwa ambaye vimelea vilishafika kwenye ubongo alichomwa melasoprolo, dawa yenye sumu ya aseniki inayounguza mishipa na iliyokuwa ikiua takriban wagonjwa 5 kati ya kila 100 waliotibiwa. Sasa wengi wao humeza vidonge kwa siku kumi, pamoja na chakula.

Kwa dawa za miti shamba mambo ni magumu zaidi. Tangazo husema “imepimwa chuo kikuu kwa panya na haina madhara”, na msikilizaji huridhika. Mara nyingi kilichopimwa ni kama panya walikufa ndani ya wiki mbili, jambo lisilohusu vinasaba hata kidogo. Na hata pale viini vidogo vilipohesabiwa, yafaa kujua kama gome lililopewa panya lilitolewa kwa pombe kali ilhali mgonjwa hulichemsha kwa maji. Pombe na maji havitoi kemikali zile zile katika gome moja. Yafaa pia kujua kama panya walipewa mara moja ilhali mgonjwa hunywa kwa miezi mitatu, na kama lilikuwapo kundi lililopewa siklofosfamidi, dawa ya saratani ambayo ni lazima ioneshe viini vidogo. Kundi hilo lisipoonyesha, basi maabara siku hiyo haikuwa na uwezo wa kuona chochote.

Na mama anayerudi dirishani na boksi la metronidazoli mkononi? Anastahili kuambiwa kwamba panya waliopata saratani walipewa dawa kwa muda mrefu wa uhai wao, na kwamba viini vidogo vilivyotajwa vilionekana baada ya sindano ambayo yeye hatachomwa. Aambiwe pia kwamba wagonjwa wa utumbo waliotumia dawa hii kwa miezi mingi walichunguzwa: uchunguzi mmoja uliona kasoro za kromosomu katika chembe zao nyeupe, mwingine haukuziona. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu, kwa kuwa ushahidi wa panya unatosha na wa binadamu hautoshi. Kwa trikomonasi iliyothibitishwa, siku saba za vidonge ni tiba stahiki na hazina sababu ya kukatishwa. Kwa kila tumbo linalouma, bila kipimo cha choo, mara nne kwa mwaka, hakuna mwongozo unaoziruhusu, na hapo lawama haimwendei panya wala mgonjwa bali yule anayeandika cheti.